Damu ya Lukumani

Asubuhi waendesha baiskeli walipokusanyika mbele ya msikiti wa Kasongo, hakuna aliyemtazamia Safia. Walikuwa wanaume tupu, vijana wa msikitini na vijana wa parokia, wamevaa fulana nyeupe zilizochapwa Bukavu, na mgongoni mwa kila fulana palikuwa na uso wa marehemu Soraya akicheka. Shehe alikwisha kuomba dua, na padri alikuwa anamalizia baraka zake, Safia alipotokea akikokota baiskeli yake ya kubebea mawese, madumu yameondolewa, kanga imekazwa juu ya suruali.

Minong'ono ikaanza. Si kwamba watu hawakuwahi kumwona juu ya baiskeli. Tangu mumewe aende machimboni akapotelea hukohuko, Safia ndiye aliyekuwa akipeleka mawese vijijini na kurudi na mchele, na masikio yake yalikwisha kuzoea maneno. Lakini huko alikuwa akitafuta chakula. Hii ya kufuatana na wanaume mpaka Kabambare, na kulala njiani, wengi waliona imezidi.

Lukumani, mume wa marehemu, ndiye aliyeibuni safari. Alikuwa muuza vitambaa sokoni, mrefu, mwenye sauti ya kusikika bila kupaza. Alipomwona Safia, dada mkubwa wa mkewe, uso ulimbadilika kidogo, kisha akatabasamu.

"Yaya Safia, njia iko mbaya sana. Utuachie siye wanaume."

"Soraya alikuwa mudogo wangu," Safia akajibu. "Nani atanikataza?"

Hapo hapakuwa na wa kumkataza. Wakamletea fulana iliyobaki, kubwa mno kwake, akaivaa juu ya blauzi. Mama yake, Bi Waridi, alikuwa amesimama pembeni amembeba mtoto aliyeachwa na Soraya. Alikuja kumkemea binti yake, lakini alipomwona ndani ya fulana ile machozi yakamshinda, akamgeukia Lukumani na kumshika mikono yote miwili.

"Mukwe wangu, Mungu akuongoze. Wanaume wengine wanazika na kusahau."

Lukumani akainamisha kichwa. Safia akatazama gurudumu lake.

Hawakuwa wanakwenda kuchangisha pesa. Walikuwa wanakwenda kutafuta damu. Soraya alikufa mchana wa siku aliyojifungua, damu imemtoka mpaka midomo ikawa kama majivu, na hospitali haikuwa na akiba ya damu ya kundi lake. Ndiyo hali ya huko kote: mgonjwa akihitaji damu, ndugu zake hunyoosha mikono, na ndugu wasipopatikana mambo yameisha. Basi Lukumani alisema, baada ya arobaini, kwamba atapanda baiskeli aende kijiji kwa kijiji kutoka Kasongo kupitia Lusangi mpaka Kabambare, awaambie watu wapime damu zao, wajue makundi yao, na wawe tayari kuitwa. Muuguzi wa materinite, yaani wodi ya wazazi, Monsieur Théophile, alikubali kufuatana nao na sanduku lake la vipimo, na Kabambare, penye hospitali yenye friji ya umeme wa jua, wangemalizia kwa siku kubwa ya kutoa damu. Lukumani mwenyewe angekuwa wa kwanza.

Watu walimsifu hadi misikitini na makanisani. Safia alizisikia sifa zile zikipita kwenye kibanda chake cha mawese. Kisha akaenda kutia viraka mipira ya baiskeli yake.

*

Njiani alikaa nyuma ya Lukumani. Kila mtu alidhani ni heshima. Barabara ilikuwa kijia tu kati ya nyasi ndefu, pikipiki zimeichimba katikati ikawa mfereji, na huna budi kufuata gurudumu la aliye mbele yako. Kwa hiyo kutwa nzima Safia alikuwa na uso wa mdogo wake mbele ya macho yake. Lukumani aliposimama juu ya pedali kitambaa kilijikunja na mdomo wa Soraya ukapinda. Alipokaa, Soraya akacheka tena. Jua lilipopanda jasho lililowesha fulana, na uso ule ukagandamana na mgongo wa mwanamume yule kama ngozi yake.

Katika kijiji cha kwanza watu walijaa uwanjani pa shule. Lukumani hakupanda juu ya kiti wala meza. Alisimama katikati yao, baiskeli imeegemea kiunoni, akaanza polepole.

"Muke wangu aliniita kwa jina. Aliniambia: Lukumani, nasikia baridi. Jua lilikuwa kali, ndugu zangu, na yeye anasikia baridi. Nikatoka mbio. Nikazunguka Kasongo nzima, nyumba kwa nyumba, naomba damu. Watu wananitazama tu. Niliporudi, wamekwisha kumufunika."

Wanawake wakaanza kulia. Hata wazee walitazama chini. Théophile akafungua sanduku lake, na watu wakapanga foleni kuchomwa kidole, wengine wakicheka kwa woga, wengine wakifumba macho. Ilikuwa kazi njema, na Safia aliiona kuwa njema. Aliwashika akina mama mikono, akawaelekeza, akawafuta damu kwa pamba. Ila masikioni mwake lilibaki lile neno moja. *Nikatoka mbio.*

Kwa sababu alijua Lukumani alikokimbilia.

Siku ile yeye na Lukumani walipimwa pamoja. Damu ya Safia haikupatana na ya mdogo wake. Bi Waridi ana ugonjwa wa presha, hata hawakumgusa. Damu ya Lukumani ilipatana. Théophile ndiye aliyetoka kuwaambia, uso umemnawiri kwa furaha: "Baba mutoto, Mungu yupo, ni kundi moja. Ingia haraka." Lukumani alisema anakwenda kuwaarifu ndugu zake, anarudi sasa hivi. Simu yake ikazimwa.

Safia alimtafuta nyumbani, akamtafuta msikitini. Alimkuta nyuma ya duka lake, ameketi kati ya marobota ya vitambaa, simu iko mkononi, haina mwanga. Alimwambia, Shemeji, twende. Akamwambia, anakufa. Lukumani alitikisa kichwa kama mtoto anayekataa dawa.

"Miye hapana, yaya. Wakikutoa damu haurudi kuwa mutu kamili. Nimeona watu. Tafuta mwengine."

Safia alipiga magoti. Mwanamke ambaye hakuwahi kumpigia magoti hata mumewe, alipiga magoti kwenye vumbi la duka, akashika suruali ya yule mwanamume kwa mikono miwili, akamwomba kwa jina la mama yake na kwa jina la mtoto aliyezaliwa asubuhi ile. Lukumani alizibandua mikono yake, kidole kimoja kimoja, kwa upole. Upole ule ndio Safia hakuweza kuusahau. Laiti angemsukuma.

Aliporudi hospitalini mbio, Soraya alikuwa amekwisha kufunikwa.

Hakumwambia mama yake. Mwanzoni ilikuwa kilio, watu wamejaa, utasemaje? Baadaye Lukumani alikuwa akija kila juma na maziwa ya mtoto, ameketi miguuni pa Bi Waridi, wanalia pamoja, na mama mzee hakuwa na faraja nyingine duniani. Safia alimwachia faraja yake. Lakini aliposikia habari ya safari aliona kwamba mtu huyo hatakwenda peke yake kuusambaza uongo wake. Lazima mgongoni mwake awepo mtu mmoja anayejua.

*

Kabla ya kufika Lusangi pana mlima wa udongo mwekundu ambao hakuna anayeupanda akiwa juu ya baiskeli. Wote walishuka wakasukuma. Vijana wakatangulia wakiimba. Théophile na sanduku lake akabaki nyuma sana. Safia alimfikia Lukumani kwenye kona, wakawa wawili tu, wanahema.

"Shemeji," akasema. "Ile siku ulikuwa wapi?"

Lukumani hakusimama. "Ile siku gani?"

"Unajua siku gani."

"Nilikuwa natafuta watu. Nimesema kila kijiji, umesikia."

"Nilikukuta dukani. Nilikushika miguu."

Hapo alisimama. Alimtazama kwa macho ya huruma, na Safia, aliyekuwa amejiandaa kwa hasira, au kwa aibu, au hata kwa kofi, hakujua la kufanya na huruma.

"Yaya, siku ile siye wote tulichanganyikiwa," Lukumani akasema taratibu. "Mutu akiwa mu kilio anaona mambo. Nilipita dukani kuchukua simu. Njo pale, ndipo tulikutana. Kisha nikatoka kutafuta watu. Weye ulikuwa unalia, haukusikia vizuri."

"Ulisema nitafute mwengine."

"Nilisema tutafute wengine. Wengi. Njo hii tunafanya leo."

Akaendelea kusukuma. Safia alisimama na baiskeli yake. Alichokiona usoni mwa Lukumani hakikuwa ujanja. Mtu yule alikuwa ameirudia hadithi yake kwa mama mkwe, kwa shehe, kwa padri, kwa vijiji, mpaka ikamwingia na kukaa. Sasa ni Safia peke yake aliyebaki na duka lile na marobota yale.

Théophile alipomfikia alimkuta ameketi kando ya njia. Aliweka chini sanduku lake, akampa maji.

"Weye unajua," Safia akamwambia. "Weye njo ulipima."

Muuguzi akaketi kando yake. "Kazi yangu inanifunga mudomo, mama. Nimeapa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tangu tutoke Kasongo nimepima watu ambao nisingewapata miaka kumi. Kwa sababu ya mudomo wake. Miye pia simupendi. Lakini nawatazama wale watu, na nanyamaza."

*

Lusangi ni mji wa wakulima na wachimbaji, na wachimbaji si watu wa kulizwa ovyo. Walikuja jioni wakiwa na matope hadi mapajani, wakamsikiliza Lukumani hadi mwisho bila kulia. Alipomaliza, mmoja wao, mtu mfupi mwenye kovu shavuni, akanyoosha mkono.

"Bwana, pole kwa msiba. Lakini nauliza. Weye mwenyewe ulipimwa?"

"Nilipimwa," Lukumani akasema.

"Na damu yako? Haukumupa?"

Lukumani alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Kasongo, maneno hayakuja mara moja.

"Haikupatana," akasema.

"Ah." Yule mchimbaji akawageukia wenzake. "Unaona, hawa watu wanakuja kuchukua damu yetu, wanakwenda kuuza. Mume anasema haikupatana. Nani anajua?" Wengine wakacheka. Wawili watatu wakaanza kuondoka. Ndipo mzee mmoja wa pale akasema, si inasemekana dada wa marehemu yuko kati yao? Basi aseme yeye.

Wote wakamtazama Safia.

Alikuwa ameilinda nafasi hiyo moyoni safari nzima. Aliikalia kwenye baiskeli, akalala nayo usiku. Sasa watu wenyewe walikuwa wamemwita, na lilikuwa jambo la neno moja tu. Alimtazama Lukumani: jasho lilimtiririka kidevuni, na macho yake hayakuwa tena na huruma. Yalikuwa macho ya nyuma ya duka. Kumbe alijua. Chini kabisa, alijua.

Mbele ya Safia, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa ameketi mwanamke mwenye mimba kubwa, kijana, miguu imevimba. Mumewe alikuwa mmoja wa wale walioanza kuondoka. Mwanamke alikuwa amemshika nguo kwa nyuma, kimya, hataki kuonekana, anamvuta.

Safia aliuona mkono ule ukivuta kitambaa.

"Ni kweli," akasema. Sauti ilimtoka kavu. "Nilikuwepo. Tulipimwa pamoja. Damu yake haikupatana."

Yule mwenye kovu akatikisa kichwa, akasema basi, kama ni dada mwenyewe, akanyoosha kidole chake kwa Théophile. Nyuma yake wakafuata wengine. Mume wa yule mwanamke naye akarudi. Foleni ikawa ndefu mpaka mwanga ukawaishia.

Lukumani alimjia Safia baadaye, wakati wa kula, akataka kumsogezea sahani ya nyama. Safia aliisogeza kando, akahamia upande wa pili wa moto.

*

Kabambare waliwapokea kwa ngoma. Msimamizi wa teritwari, mkuu wa wilaya ile, alikuwepo, masista walikuwepo, imamu pia, na chini ya turubai mbele ya hospitali vilipangwa vitanda na mifuko ya damu mitupu. Watu walijaa hadi barabarani. Ahadi ilikuwa ahadi: Lukumani alivua viatu, akalala kwenye kitanda cha kwanza, akakunja mkono wa fulana.

Safia alisimama karibu, kwa sababu masista walimvuta: dada wa marehemu, njoo, usimame hapa, waone. Alimwona Lukumani akigeuza uso Théophile aliposafisha mkono. Alimwona akikaza taya. Sindano ikaingia. Damu ikashuka kwenye mpira mwembamba, nyeusi kuliko alivyodhani, ikaanza kujaza mfuko taratibu. Watu walipiga makofi, kisha makofi yakaisha, kwa kuwa hapakuwa na cha kutazama. Mtu amelala, mfuko unajaa. Wengine wakaanza kuzungumza mambo yao. Mtoto akaomba karanga.

Théophile alichomoa sindano, akaweka pamba, akamkunja mkono.

"Imeisha," akasema.

Lukumani aliinua kichwa. "Imeisha?"

"Imeisha, bwana. Keti kidogo, unywe soda."

Lukumani aliketi. Akautazama mkono wake, akaukunja, akaukunjua. Akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Kumbe ni hii tu?" akasema.

Hakuna aliyeshtuka. Ni neno ambalo kila mtoa damu wa mara ya kwanza hulisema. Lakini Safia alikuwa ameshika chupa ya soda aliyopewa ampelekee, na aliposikia aliganda nayo mkononi.

"Ndiyo, shemeji," akasema, si kwa nguvu. "Ni hii tu."

Lukumani alimtazama akiwa bado anacheka, kisha kicheko kikakatika. Midomo ikamcheza. Akajaribu kusema kitu, badala yake ikatoka sauti ya ajabu, akajiinamia kitandani, akaanza kulia kwa kwikwi, mabega yanaruka. Na watu wakamwona. Sista mmoja akasema, masikini, anamukumbuka muke wake. Imamu akaja akamshika bega. Makofi yakaanza tena, mara hii makubwa, wanawake wakapiga vigelegele huku wanalia, na vijana wakainua simu zao kumpiga picha. Wanaume waliokuwa wakisitasita wakaja vitandani wenyewe, wanavua mashati.

Safia aliiweka soda juu ya meza. Alitoka akaenda nyuma ya hospitali, akatapika kwenye majani. Alipomaliza alirudi, akalala kwenye kitanda kilichokuwa wazi, akamnyooshea Théophile mkono wake.

*

Siku ya tatu hapo Kabambare, walipokuwa wakipumzika na kutengeneza baiskeli, mtu alikuja akimuulizia dada wa marehemu. Jina lake Joël, mkulima kutoka upande wa pili wa mto. Mkewe Émérance alijifungua jana yake, damu ikamtoka vilevile, lakini friji ilikuwa na mfuko uliopatana, na Théophile alijikwaa ulimi akiwa na furaha, akamwambia ni wa yule mume wa marehemu. Émérance yuko hai. Amekunywa uji.

Joël alikuwa amebeba jogoo mwekundu, amefungwa miguu.

"Wamenambia yule baba amekwenda kuzungumza na imamu. Weye njo umupelekee, mama. Umuambie sina kitu kingine. Umuambie mutoto tutamuita Lukumani."

Safia alimtazama mtu yule, alivyokuwa amechoka, alivyokuwa na furaha, na miguu yake yenye matope ya mto. Alitaka kufurahi naye. Alifurahi naye, kweli, na furaha ile ikamchoma kama mwiba.

"Mama mutoto ana nguvu?" akauliza.

"Anacheka."

"Mungu asifiwe," Safia akasema, akampokea jogoo.

Alirudi Kasongo peke yake, siku moja kabla ya wenzake, jogoo amefungwa nyuma ya baiskeli. Alimpeleka dukani kwa Lukumani, akamwachia mvulana wa duka bila kuingia ndani. Ujumbe aliutoa wote kama alivyopewa, hata la jina la mtoto.

Masika yale watu walifanya hesabu zao wakaona: hakuna mama aliyekufa kwa kukosa damu pande zile za njia. Lukumani akachaguliwa kuongoza chama cha watoa damu. Picha yake akilia ilibandikwa ukutani mwa materinite. Wakaanza kupanga safari nyingine, ya kwenda Kibombo, na wakamtuma Théophile amwombe Safia. Safia alisema magoti yanamuuma. Théophile hakumsihi.

Kuhusu jogoo, Lukumani aliporudi kutoka safarini alimfuga siku chache, kisha akamchinja, na paja moja akampelekea mama mkwe wake, limepikwa kwa mawese. Bi Waridi alikula polepole kwa sababu ya meno yake. Alikuwa amemlaza mjukuu kwenye mapaja, na kila baada ya tonge alisimamisha mkono kumshukuru mkwewe na kumwombea maisha marefu, mke mwingine mwema, watoto wengi.

"Kula na weye, Safia," akasema. "Ni baraka hii. Si kila mutu anapata mukwe kama huyu."

Safia alisema ameshiba. Mawingu yalikuwa yanafunga upande wa mto, akatoka kuanua nguo za mtoto.